Feni Haizunguki

Apondi hakunificha kitu.
Alifungua boneti mwenyewe, leso kiunoni,
akaniambia kabla sijauliza:
"Hili huchemka. Si mjini, si tambarare,
hata uende Ahero na kurudi mara tatu.
Ni pale tu linapopanda Riat,
lori la miwa likikuzibia mbele
nawe uko gia ya pili. Hapo ndipo.
Mficha maradhi, unajua mwenyewe."

Nilijua. Ndiyo maana nilikuwa pale Mamboleo
na laki mbili na ishirini kwenye simu,
si kwa wale vijana wa kando ya barabara
wanaopaka tairi mafuta zing'ae
na kurudisha kilomita nyuma
kama mtu anayekana umri.
Kwao niliwahi kununua pikipiki.
Sitaki kuisimulia.

Korola ya rangi ya majivu,
kiti cha dereva kimebonyea upande mmoja,
alivyokaa Mwalimu Ombajo miaka tisa.
Kwenye kisanduku cha mbele: chaki mbili,
risiti ya harambee, maganda ya karanga.

Fundi wangu Lumadede aliinama juu ya injini,
akagusa waya mmoja, akacheka.
"Ni feni tu. Haizunguki, mota imekufa.
Elfu tatu na mia tano, kazi ya asubuhi moja.
Huyu mtu alikuwa mwalimu wa nini?"
"Hesabu," Apondi akajibu.
Lumadede akaacha kucheka, akafuta mikono
hata pasipokuwa na mafuta.

"Hakuwahi kulipeleka gereji?"
"Alisema atalipeleka."
Alifungua fundo la leso, akalifunga tena.
"Alikuwa akisimama Kiboswa, lipoe.
Nusu saa. Siku nyingine saa nzima.
Alisema ni gari.
Nami nilisema ni gari."

Akanipunguzia elfu kumi na tano, sikuomba,
akaniwekea nyuma ya kiti jerikani la maji,
la manjano, lile lile,
kifuniko kimefungwa kwa mpira wa baiskeli.

Mota ingefika Jumatatu. Sikungoja.
Jumamosi nikashika njia ya kwetu Chavakali,
madirisha wazi, redio imekwama kwenye stesheni moja ya mahubiri,
ziwa likipungua kwenye kioo.
Mshale ulipanda pamoja nami.
Kwenye kona ya tatu ukapita katikati,
lori la miwa likatokea kama lilivyoahidiwa,
na harufu ile, tamu kidogo, ya chuma na maji.

Sikuwa na haja ya kutafuta pa kuegesha.
Palikuwapo: kati ya duka la mbolea na kibanda cha chai,
kipande cha udongo cheusi kwa matone ya miaka,
upana wake upana wa Korola.

Mwanamke akatoka na kitambaa kinene mkononi.
Hakunitazama, alitazama namba.
"Wiki saba," akaliambia gari.
Akarudi ndani, akatoka na kikombe,
akakiweka juu ya paa, upande wa dereva.
Ndipo akainua macho.

Chai haikuwa na sukari.
Mimi hunywa kwa vijiko vitatu.
Niliinywa hadi nusu, mvuke ukipita kati yetu,
kisha nikamwambia.
Nilisema vibaya, nikaanzia kwenye bei.

Alisimama muda mrefu akitazama rejeta.
Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kifuniko,
nikitafuta kazi ya kufanya.
"Bado," akasema.
"Ukifungua sasa litakuunguza."

Tukangoja.
Duka la mbolea likafungwa.
Hakutaka pesa ya chai.

Mota ya feni ilifika Jumatatu.
Leo ni Alhamisi.
Lumadede amepiga simu mara mbili.